Batani na menyu zinazojirekebisha zenyewe kwenye AR na VR: kipi kibadilike na kipi kisiguswe

fundi_miwani

Wakuu salaam.

Humu ndani nyuzi za AR (picha za kompyuta zinazowekwa juu ya mazingira halisi) na VR (mazingira yote ni ya kompyuta) zipo nyingi ila karibu zote zinaishia kwenye hedseti gani ya kuvaa machoni ninunue, simu gani inakubali, nianze na programu ya Unity au Unreal. Sijaona uzi unaoongelea kile mtu anachokiona na kukigusa akishavaa, yani batani, menyu, lebo, vidirisha vinavyoelea hewani. Na mimi naamini hapo ndo apu inapokufa au inapopona. Kwa hiyo nafungua huu, ni mrefu, mwenye haraka aniwie radhi.

Kazi yangu ni apu za mafunzo kwa mafundi wa friji, AC na jenereta hapa mjini. Sehemu kubwa ni simu na tablet, hedseti kidogo. Kinachotuumiza vichwa ni hiki: kwenye simu ya kawaida ukichora batani unajua itaonekana kwenye kioo cha inchi sita hivi, mkononi mwa mtu, karibu na uso wake. Kwenye AR hujui chochote. Hujui kasimama mbali kiasi gani, nyuma ya batani kuna ukuta mweupe au mlango mweusi, jua linapiga wapi, mikono imeshika nini, kelele ipo kiasi gani. Kwa hiyo lazima batani ijirekebishe yenyewe kulingana na hali iliyopo. Hapo wengi tunakubaliana. Ugomvi upo kwenye swali linalofuata, ijirekebishe NINI?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mje na hoja. Ukubwa ubadilike, rangi na mwanga vibadilike, wingi wa maneno ubadilike, njia ya kuibofya ibadilike. Mahali inapokaa pasibadilike bila mwenyewe kutaka.

Niwape picha moja. Karakana pale Gerezani, fundi kainamia kompresa, mkono wa kulia spana, wa kushoto kashika bomba la shaba lisicheze, vidole vyeusi kwa oili. Hedseti inamwonyesha hatua inayofuata na batani ya "Endelea", na ile batani inataka abane kidole gumba na cha shahada hewani. Sasa abane na nini? Aweke spana chini, aachie bomba, afute mikono na tambara, ndo abane? Akaikodolea macho ile batani, akasubiri, akasogeza kichwa, mwisho akaniuliza, "Kwani hii haioni kwamba nimeshika vitu?" Na kwa kweli inaona. Kamera zinazofuatilia mikono zinaiangalia mikono yake muda wote, na mkono uliofumbata spana hauna umbo la mkono mtupu. Batani ilitakiwa ijiongeze, ianze kukubali sauti au kutazamwa, pale pale ilipo, bila kusogea hata sentimita moja.

Na hili si jambo la jana. Tom Caudell na David Mizell wa Boeing mwaka 1992 waliandika kuhusu miwani ya kumwonyesha mfanyakazi wa kiwanda cha ndege mahali pa kupitisha waya, ili aachane na mbao na makaratasi ya michoro. Yani AR ya kazini ilianza ikimfikiria mtu ambaye mikono yake imeshika kazi. Halafu leo hii tunampa fundi batani ya kubana hewani!

Naendelea hapo chini na upande wa vipimo.

fundi_miwani

Ukubwa.

Kwenye AR na VR sahau pikseli (nukta za skrini) kwanza, fikiria digrii, yani kitu kinachukua upana gani wa jicho. Digrii moja kwa umbali wa mita 1 ni kama milimita 17, ukiwa mita 2 ni kama sentimita 3.5. Microsoft walipokuwa na miwani yao ya AR, HoloLens 2, walishauri batani ya mbali, mita 2 hivi, isipungue digrii 1, yani hiyo sentimita 3.5 kwa 3.5, na ya karibu ya kugusa kwa kidole, sentimita 45 hivi toka usoni, isipungue digrii 2, ambayo ni sentimita 1.6. Apple kwenye hedseti yao ya Vision Pro wanasema kila kitu cha kuchaguliwa kwa macho kipewe nafasi ya pointi 60 (kipimo chao cha kuchorea). Google nao mwaka 2017 walikuja na kipimo chao, dmm, ambapo dmm 1 ni milimita 1 ukiwa umbali wa mita 1, ukirudi mita 3 inakuwa milimita 3. Mimi hicho ndo nakipenda kuliko vyote maana dizaina anaweza kuchora kila kitu kana kwamba kipo mita 1, hesabu ya umbali ikafanywa na kompyuta.

Mfano wa herufi. Quest 3, hedseti ya Meta, inatoa kama pikseli 25 kwa digrii, wakati jicho lenye afya linaweza kutofautisha hadi kama 60. Ukitaka herufi ya urefu wa pikseli 20 ili isomeke bila kukunja uso, hiyo ni digrii 0.8, sawa na milimita 14 ukiwa mita 1, na milimita 42 ukiwa mita 3. Sasa weka aya nzima ya maelekezo kwa herufi za milimita 42 uone inavyoziba friji lote!

Ndo maana wingi wa maneno lazima uende sambamba na umbali. Tunavyofanya sisi kwenye AC: fundi akiwa mbali anaona alama tu na rangi, nyekundu kwenye kifaa chenye shida. Akisogea inatokea jina la kifaa na presha. Akishainama karibu ndo anaona hatua yenyewe kwa maneno. Lebo ni ile ile na imeshikilia nukta ile ile kwenye kompresa, inachobadilisha ni kiasi inachoongea.

Na hapa kuna kitu kidogo ambacho usipokifanya utaharibu kazi nzima. Ukiweka sheria ya mpaka mmoja, tuseme mita 2, mtu akisimama hapo hapo kwenye mita 2 anapumua tu na kuyumba kidogo, lebo inakua inasinyaa, inakua inasinyaa, mpaka kichwa kinauma. Weka mipaka miwili. Ipungue maneno akivuka mita 2.3 kwenda nyuma, iyarudishe akishaingia ndani ya mita 1.8. Katikati hapo ibaki kama ilivyokuwa. Halafu mkono ukishaanza kuelekea kwenye batani, mabadiliko yote yasimame mpaka abofye au aurudishe. Hakuna kitu kinachoudhi kama kunyoosha kidole halafu kitu kikabadilika umbo dakika hiyo hiyo.

kimara_dev

Kaka uzi mzuri sana ila hapo kwenye mahali nakupinga. AR mtu anatembea. Ukishasema batani isihame, mimi nikizunguka nyuma ya jenereta batani imebaki mbele, nafanyaje? Lazima inifuate. Na ukutani ukikuta kabati limeziba lazima ipishe. Sheria yako inafaa kwenye skrini ya ukutani, kwenye nafasi haifai.

vr_sinza

+1 kwa dada hapo juu. Hata kwenye VR menyu ikikaa sehemu moja kwenye chumba, ukihama unaipoteza.

fundi_miwani

Dada kimara_dev hoja nzito, na nilitegemea ije.

Nikisema mahali sina maana ya nukta moja ya dunia. Kuna mahali pa aina tofauti. Kuna kitu kilichofungwa kwenye dunia, kama lebo kwenye kompresa. Kuna kilichofungwa kwenye mwili, kama menyu inayokaa kiunoni upande wa kushoto kokote uendako, au kwenye kiganja ukikigeuza kikuangalie. Kuna kilichofungwa kwenye kichwa, kinachokaa mbele ya macho hata ugeuke vipi, na hicho nashauri kitumike kwa tahadhari kubwa mno maana kinachosha, mtu anajiona kama kuna kitu kimegandia kwenye kioo cha macho yake. Ninachosema ni kwamba ukishachagua kitu kimefungwa kwenye nini, usibadilishe katikati ya safari. Batani ya kuzima dharura ikiwa ni ya kiunoni, iwe ya kiunoni asubuhi mpaka jioni.

Mangi wa mtaani kwako ukimwambia nipe kiberiti anapeleka mkono nyuma bila kugeuka, kwa sababu kiberiti kina mahali pake. Akitokea kijana wa kumsaidia akawa anapanga vitu upya kila siku kufuata kilichouzwa sana jana, duka litakuwa na mpangilio wa kisasa kabisa na Mangi atashindwa kuuza.

Na hili lilishajaribiwa kwenye kompyuta za kawaida kwa watu wengi sana. Microsoft Office 2000 ilikuja na menyu zilizokuwa zinaficha vitu usivyovitumia mara kwa mara, zinajipanga zenyewe. Watu walilalamika hawavipati vitu vyao, na Office 2007 ilipokuja na ule utepe wa juu mtindo ule ukawekwa pembeni. Leah Findlater na Joanna McGrenere mwaka 2004 walilinganisha menyu isiyobadilika, menyu inayojipanga yenyewe, na menyu ambayo mtu anaipanga mwenyewe. Isiyobadilika iliwashinda kasi zile zinazojipanga zenyewe. Findlater na wenzie mwaka 2009 wakaja na wazo ambalo mimi naona ndo dawa: vitu vyote vibaki mahali pake, ila vile mfumo unavyodhani utavihitaji vitokee mara moja, vingine viibuke taratibu. Jicho linavutwa kwenye kinachotakiwa na mkono haupotei.

Kwa swali lako la kuzunguka jenereta, jibu langu ni lebo ibaki mbele, na pembeni ya skrini kitokee kimshale kinachosema ile hatua ipo upande ule. Mtu arudi mwenyewe. Au akiamua, aivute aje nayo. Kuvuta ni uamuzi wake.

kimara_dev

Hapo kwenye kuivuta mwenyewe nakuelewa, na hiyo ya kiunoni nimeipenda. Ila bado kuna kesi moja. Watu wawili wapo chumba kimoja, lebo yangu inadondokea usoni kwa mtu ninayeongea naye. Hapo nisipoihamisha mimi nani ataihamisha? Kwa maoni yangu usalama na uso wa mtu ni vitu viwili vinavyoruhusiwa kuvunja sheria yako.

fundi_miwani

Nakubali, na nitaongeza cha tatu, ngazi na mashimo. Ila hata hapo nashauri ififie iwe kama kivuli kabla ya kuhama. Mara nyingi kufifia kunatosha, mtu akimaliza kuongea inarudi ilivyokuwa na hakuna kilichopotea.

mdau_kijitonyama

Wakuu mimi ni mwanafunzi wa mambo ya kompyuta. Kuna kazi ya mwaka 2019 ya David Lindlbauer, Anna Maria Feit na Otmar Hilliges wa ETH Zurich, wao walitengeneza mfumo unaoamua kipi kionekane, lini, wapi na kwa maelezo kiasi gani, kwa kuangalia mtu anafanya kazi gani na akili yake imeelemewa kiasi gani. Walikuwa wanakadiria kuelemewa kwa kuangalia mboni ya jicho inavyotanuka na kusinyaa. Ukiwa umezama kwenye kazi ngumu vitu vinapungua, ukiwa umetulia vinaongezeka. Swali langu fundi, hii huku kwetu inawezekana? Maana Quest 3 haina cha kufuatilia macho.

fundi_miwani

mdau_kijitonyama asante kwa kuileta, hiyo kazi kila anayetaka kuingia huku aisome.

Kuhusu macho, kweli Quest 3 haina. Quest Pro ilikuwa nayo, Vision Pro inayo na ilianza kuuzwa Marekani Februari 2024 kwa dola 3,499, mafundi ninaofanya nao kazi hawataigusa leo wala kesho. Lakini kuelemewa unaweza kukukadiria kwa vitu vya kawaida ambavyo hata simu inavyo. Kichwa au simu imetulia au inahangaika huku na huko? Amekaa kwenye hatua hii muda mrefu kuliko kawaida yake? Amerudi nyuma kusoma hatua ile ile? Akihangaika, punguza vitu vyote visivyohusu hatua hiyo, mwachie kimoja. Hapo hujasoma mboni ya mtu na msaada ameupata.

Na hata ukiwa na macho, kuna mtego wa zamani. Robert Jacob aliuandika mwaka 1990, kwamba macho yanaangalia ili yaone, hayaangalii ili yabofye. Ukifanya kila kinachotazamwa kibofyeke, basi mtu hawezi tena kutazama kitu kwa amani. Ndo maana Vision Pro inatumia macho kuchagua na vidole kuthibitisha. Kwa fundi mwenye spana, uthibitisho wa vidole haupo, ndo tunaingiza kukaa na kutazama kwa muda kidogo, au kutikisa kichwa, au sauti. Na huo muda wa kutazama nao ujirekebishe: batani ya "Endelea" muda mfupi, batani ya "Futa" au "Washa umeme" muda mrefu zaidi na iombe uthibitisho wa pili.

mama_wawili_tabata

Sauti kwenye karakana? Jenereta likiwa linawaka hapo nani anamsikia nani. Mume wangu ni fundi, akinipigia simu yupo kazini sisikii kitu.

fundi_miwani

Dada umegusa penyewe. Maikrofoni kabla ya kusikia maneno inajua kelele ipo kiasi gani. Jenereta likiwaka, alama ya sauti kwenye batani inazimika na ya kutikisa kichwa au ya kutazama inawaka. Fundi aione kabisa, asibaki anapiga kelele kwa kitu kisichomsikia. Wengine wanatumia pedali ya mguuni ya bluetooth na mimi naiunga mkono kabisa, mguu wa fundi mara nyingi hauna kazi.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, hali siyo mbaya. Whisper ya OpenAI, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotoka 2022, inakielewa, na mradi wa Common Voice wa Mozilla una sauti za Kiswahili watu walizochangia. Ila kwa amri fupi usimtegemee mtu aongee sentensi, chagua maneno machache yasiyofanana kwa mlio, "mbele", "rudi", "simama". Uyajaribu na watu wa Temeke na wa Kilosa, siyo na mtu mmoja wa ofisini kwenu.

jua_kali_mbezi

Mimi tatizo langu ni jua. Tulifanya AR ya viwanja, mteja asimame site aone nyumba itakavyokaa. Ofisini safi kabisa. Site saa saba mchana hakuna kinachoonekana, mteja kaweka mkono juu ya tablet kama anasoma meseji.

fundi_miwani

Hapa nikae kidogo maana jua la Dar ndo mtihani wenyewe.

Jua la mchana linafika kama laksi (kipimo cha mwanga) 100,000, ofisini mwenye taa nzuri ana 300 mpaka 500. Jicho lenyewe linajirekebisha, skrini haiwezi kufukuzana na tofauti hiyo. Simu na tablet kuna ahueni kwa sababu angalau unamiliki kila pikseli, unaweza kuchora nyeusi ikawa nyeusi. Miwani ya kioo cha kupitisha mwanga kama HoloLens inaongeza mwanga tu juu ya dunia, haiwezi kuupunguza, kwa hiyo nyeusi kwake ni hakuna kitu, inaonekana uwazi. Menyu nyeusi maridadi uliyochora kwenye kompyuta, ukiivaa inapotea.

Kinachosaidia site:

ARCore ya Google na ARKit ya Apple, zana za kutengenezea apu za AR, zote zinakupa makadirio ya mwanga wa mahali, tumia hiyo namba. Mwanga ukizidi, achana na vioo vya ukungu na vivuli na herufi nyembamba, hamia kwenye paneli nzima isiyopitisha picha ya nyuma, herufi nene, rangi mbili tu zenye kutofautiana sana. Joseph Gabbard na wenzie walipima kusoma maandishi ya AR nje kwenye mwanga wa jua miaka ya 2006 na 2007 na maandishi yaliyokaa juu ya paneli yake yalifanya vizuri, mengine yanategemea sana kilichopo nyuma. Kwa hiyo usihangaike kutengeneza akili ya kubadilisha rangi kila sekunde kufuata mti na mchanga na bati la jirani, weka paneli. Ibadilike mara moja mtu anapotoka ndani kwenda nje, baada ya hapo itulie.

Na kwa wenye hedseti za VR, TAFADHALI msiiache kwenye kiti cha gari au dirishani lenzi zikiangalia juu. Lenzi zinakusanya jua na kuunguza skrini ya ndani, na watengenezaji wenyewe wanaonya.

jua_kali_mbezi

Na joto je? Tablet ilikuwa inazima yenyewe.

fundi_miwani

Joto nalo ni hali ya kujirekebisha, watu wengi hawalihesabu. Vision Pro imeandikwa itumike mpaka nyuzijoto 30. Dar Januari mpaka Machi mchana tunapita hapo, kivulini! Kwa hiyo apu ijue kupumzika kabla ya kifaa kuzima. Android kuanzia toleo la 10 inaiambia apu kama simu imeanza kuchemka. Ikianza, zima vivuli kwanza, kisha punguza lebo za mbali, kisha zima ramani ya kina (hesabu ya umbali wa kila kitu kinachoonekana), mwisho ganda kwenye picha tuli yenye lebo zake juu. Batani za kazi zibaki pale pale zilipokuwa mpaka mwisho. Mteja akiona nyumba imepoteza vivuli hatajali, akiona skrini nyeusi anaondoka.

vr_sinza

Upande wa VR niongeze, maana mmeegemea sana AR. Sisi tuna kibanda cha gemu, watoto na watu wazima wanakuja. Tatizo kubwa ni kizunguzungu. Kuna kitu kinaitwa kupunguza uwanja wa kuona, ukianza kutembea kwa kontrola kingo zinakuwa nyeusi kidogo, ukisimama zinafunguka. Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa Columbia waliipima mwaka 2016, wakaifanya ibadilike taratibu kiasi kwamba wengi hawakuiona, na walijisikia nafuu. Kwangu huo ndo mfano bora wa kitu kinachojirekebisha, mtu hajui kama kipo.

Ila shida yake kwenye menyu, ukiweka namba za risasi na afya pembeni kabisa, kingo zikifunga namba zinafunikwa. Tukazihamishia kwenye saa ya mkononi. Na urefu, mtoto wa miaka kumi na mmoja menyu iliyopangwa kwa mtu mzima inamkaa juu ya kichwa, anainua mikono mpaka inachoka. Ipime kutoka urefu wa macho ya mtu, mwanzoni, mara moja.

fundi_miwani

vr_sinza hiyo ya mara moja mwanzoni ipigieni mstari. Urefu, upande wa mkono anaotumia, nafasi kati ya mboni (Quest 3S ina sehemu tatu tu, 58, 63 na 68 milimita, usipomwelekeza mtu kuchagua anaona ukungu halafu analaumu herufi zako), kukaa au kusimama. Vyote hivi vipimwe mtu anapovaa, vikae hivyo mpaka avue.

mwalimu_lindi

Naomba niingie na mimi, sipo kwenye kompyuta, ni mwalimu wa historia. Nina ndoto ya muda mrefu. Yule mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru yupo Berlin, mifupa yake ilichimbwa huku kwetu kati ya 1909 na 1913, kasimamishwa makumbusho ya kule ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Wanafunzi wangu hawatafika Berlin. Nikitaka wamwone uwanjani shuleni kwa simu, kwa ukubwa wake halisi, hizi lebo zenu zinafanyaje kazi kwa kitu kikubwa namna hiyo?

fundi_miwani

Mwalimu shikamoo. Hili swali limenifurahisha kuliko yote humu, na nipo tayari kulifanyia kazi kwa dhati.

Kwanza mtoto akisimama mita 3 kutoka kwenye mguu, simu itamwonyesha mguu tu. Kichwa kipo juu kabisa, ukiweka lebo kwenye fuvu hakuna atakayeiona. Hapa lebo iliyofungwa kwenye fuvu ibaki kwenye fuvu, ila pembezoni mwa skrini pawe na mshale wa juu ulioandikwa "fuvu", mtoto ainue simu mwenyewe aufuate. Ule mshangao wa kuinua simu, na kuinua tena, na bado shingo haijaisha, ndo somo lenyewe, usimnyime kwa kumletea fuvu chini.

Pili, akirudi nyuma mita 20 mwili wote unaenea kwenye skrini, hapo lebo ndogo ndogo za mifupa zijifiche, zibaki tatu nne kubwa: fuvu, shingo, miguu ya mbele, mkia. Akisogea kwenye mguu ndo zitoke za mifupa ya mguu.

Tatu, uwanja wa shule wa mchanga mtupu mweupe unaipa simu tabu kujua ardhi ipo wapi, inahitaji alama za kushika. Asubuhi kwenye kivuli cha mti, majani chini, nyasi kidogo, inashika vizuri zaidi. Na weka kitu cha kufananisha, mtoto mwenzie asimame pale kwenye mguu.

mwalimu_lindi

Marahaba. Simu za shuleni ni za bei ya chini kabisa, zitakubali?

fundi_miwani

Siyo zote Mwalimu. Google wana orodha ya simu zinazokubali ARCore na simu nyingi za bei ya chini hazimo. Kwa hiyo nako kujirekebisha kunaanzia hapo. Simu inayokubali itamweka uwanjani. Isiyokubali imwonyeshe kwa njia ya kivinjari kama umbo la kuzungusha kwa kidole, na pembeni umbo la mtu kwa kipimo kile kile, lebo zikiwa na majina yale yale na mpangilio ule ule, ili watoto wawili wenye simu tofauti wakiulizana "umeona fuvu?" wawe wanaongelea kitu kimoja.

Ukiweza nitumie inbox aina za simu mlizonazo, naandaa ya majaribio na tutaanza na mguu wa mbele mmoja tu.

kimara_dev

Mimi nipo kwenye upande wa kivinjari, nihesabuni. Na ule mshale wa juu niachieni mimi, nina sababu zangu za kuhakikisha hauhami.